Entebbe hadi Guangzhou: kilomita 9,000 na ushei, lakini ni saa ngapi hasa?

Mwana wa Kikuubo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Msimu wa Maonyesho ya Canton, yale ya biashara kule Guangzhou, China, ukikaribia, pale dukani swali huwa ni lile lile: Entebbe mpaka Guangzhou ni saa ngapi? Kila anayeuliza keshachungulia kwenye simu. Mmoja kaona saa 10. Wa pili kaona 16 na nusu. Wa tatu tiketi yake, ukiisoma juu juu, inampa 21 na nusu. Wanabishana mpaka chai inapoa, na hakuna anayedanganya hata mmoja. Kila mtu anapima kitu chake.

Tuanze na kilomita. Njia fupi kabisa kati ya viwanja hivi viwili ni kama kilomita 9,070. Fupi juu ya dunia yenyewe, si juu ya ramani ya ukutani. Chukua chungwa, tia nukta mbili, kaza uzi baina yake, ndipo utaona njia inavyopita. Kutoka Entebbe inaelekea mashariki ikipanda kidogo kaskazini, inakata kaskazini mwa Kenya, Somalia, Bahari ya Arabuni, India, Myanmar, halafu inaingia kusini mwa China. Ndege kubwa ikishatulia huko juu hukimbia takriban kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 10. Hiyo ndiyo namba ya mtu wa kwanza. Tatizo lake ni kwamba hakuna wa kukuuzia: mpaka naandika hapa, ndege ya moja kwa moja Entebbe–Guangzhou haipo.

Kwa hiyo lazima uunganishe, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kupitia Nairobi jumla ni kama kilomita 9,200. Addis Ababa, 9,260. Dubai, 9,560. Doha, 9,680. Yaani kupitia Addis kunakuongezea chini ya kilomita 200 tu, umbali wa Kampala hadi Busia, katika safari ya robo ya dunia. Hata Dubai na Doha ziko karibu na njia. Kwa hiyo kugombana eti kampuni fulani "inazungusha sana" kwa njia hizo nne ni kupoteza pumzi. Kilomita 500 angani ni nusu saa na kitu. Kinachokula muda wako ni kiti cha kiwanjani, pale unaposubiri ndege ya pili.

Sasa saa. Uganda tuko saa tatu mbele ya ile saa ya dunia, China iko saa nane mbele, nchi nzima inatumia saa ile ile, kuanzia Shanghai mpaka jangwani magharibi. Tofauti yetu ni saa tano. Tiketi huandika saa ya mahali ulipo, haikufanyii hesabu. Tuchukue mfano. Unaondoka Entebbe 17:00, unafika Addis 19:00. Unaondoka Addis 23:30, unaruka saa 10, unatua Guangzhou 14:30 kesho yake. Ukihesabu vidole kutoka 17:00 hadi 14:30 unapata saa 21 na nusu. Toa zile tano ambazo hukuziishi, safari ni saa 16 na nusu. Mtu wa pili na wa tatu wote wamepatikana hapo.

Kurudi ni kinyume. Unaondoka Guangzhou 00:30, unafika Addis 06:30, unasubiri, unaondoka 10:00, Entebbe unatua 12:00 mchana. Kwa macho ni saa 11 na nusu, na watu husema "kurudi ni karibu!" Karibu wapi? Ongeza zile tano, unarudi kwenye 16 na nusu ile ile. Hizi si ratiba za kampuni yoyote, ni mfano tu. Ratiba hubadilika, soma tiketi yako.

Halafu kuna saa ambazo hazimo kwenye tiketi kabisa. Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Ukiingia barabara ya kulipia pale Busega, shilingi 5,000 kwa gari dogo, unaweza kufika kwa chini ya saa moja. Ukipita ya zamani jioni, Kajjansi peke yake inaweza kukumaliza. Weka saa tatu za kiwanjani, weka foleni ya uhamiaji kule, weka usafiri wa kwenda hotelini. Mlango hadi mlango, tenga siku nzima. Mimi mtu akiniuliza "ni saa ngapi", namjibu: siku moja. Wengine wachangie.

Mzee wa Busia

Mwana wa Kikuubo, umeandika vizuri ila Nairobi umeipitia mbio. Sisi wa mpakani hatuendi Entebbe kufanya nini. Unapanda basi la usiku, asubuhi uko Nairobi, unapata ndege inayokwenda Guangzhou bila kushuka popote. Na umesema mwenyewe kwamba ndiyo njia fupi kuliko zote.

Mwana wa Kikuubo

Mzee, heshima yako. Kwa mtu wa Busia, Tororo au Mbale nakubali kabisa, tena nauli inaweza kumpendeza. Ila kwa wa Kampala tusidanganyane: basi la Nairobi ni usiku mzima na zaidi, malori ya Malaba na Busia unayajua kuliko mimi, na ndege haikusubiri mpaka foleni ya mpaka iishe. Ukipita njia hiyo lala Nairobi usiku mmoja. Ukilala, zile kilomita 60 ulizookoa dhidi ya Addis umezilipia hoteli.

Mama Mitumba

Mimi nimepewa bei ya kupitia Istanbul, iko chini kuliko zote. Hiyo nayo vipi? Hukuitaja.

Mwana wa Kikuubo

Dada, sikuitaja makusudi. Entebbe–Istanbul ni kama kilomita 4,600, unapanda kaskazini moja kwa moja. Kutoka hapo hadi Guangzhou ni kama 7,880 nyingine. Jumla 12,480. Umeongeza kilomita 3,400 juu ya njia fupi, karibu sawa na kwenda Doha kutoka hapa. Hiyo ni zaidi ya saa tatu na nusu angani, kabla hujahesabu kusubiri. Bei ikiwa ya chini kweli na mgongo wako ni mzima, nenda, si dhambi. Lakini usikubali wakala akwambie "tofauti ni ndogo". Kwa Addis na Dubai tofauti ni ndogo. Hii si ndogo.

Fundi Simu

Swali la kitoto. Mbona kurudi niliruka muda mrefu kuliko kwenda? Njia ile ile, ndege ile ile. Kwenda Guangzhou kutoka Addis haikufika hata saa kumi, kurudi ikazidi kumi na moja. Rubani alikuwa anakanyaga breki?

Ndege Mkaa Juu

Nijibu mimi hili, nimefanya kazi upande wa mizigo pale Entebbe. Ni upepo. Huko juu, kilomita kumi na kitu, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, unapita kaskazini mwa India na kusini mwa China. Kuanzia Desemba hadi Februari huwa mkali sana, unaweza kuvuka kilomita 200 kwa saa. Ukienda China unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Marubani wanaujua, wakati wa kurudi husogea kusini kidogo kuukwepa, lakini kukwepa nako ni kilomita. Huku kwetu kwenye ikweta haupo, ndiyo maana Entebbe–Addis muda ni karibu ule ule kwenda na kurudi.

Na jambo jingine. Namba ya kilomita unayoiona mtandaoni ni ya uzi juu ya chungwa kama mwenye uzi alivyosema. Ndege haipiti pale hasa. Inafuata njia za anga zilizopangwa, na anga ikifungwa inazunguka. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, ndege za kutoka huku kwenda Ulaya zimekuwa zikiikwepa Khartoum. Na Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu ya makombora. Abiria waliokuwa njiani walijikuta wametua nchi ambazo hawakuzipanga. Kilomita hazikubadilika siku hiyo. Saa ndizo zilizobadilika.

Mkongwe wa Kitoro

Vijana, mnalalamikia saa 16? Ngoja mzee awape kidogo. Nimekulia hapa Entebbe. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa duniani ilitoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza. Mnajua ilitua wapi njiani? Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone. Entebbe yetu hii! Safari nzima ilichukua chini kidogo ya saa 24, na dunia nzima ikashangaa kwa mwendo ule.

Miezi mitatu kabla yake, Februari mwaka ule ule, Elizabeth wa Uingereza alipata habari ya kifo cha baba yake mfalme akiwa Kenya. Akaletwa Entebbe kwa ndege ndogo kutoka Nanyuki, mvua ya radi ikamchelewesha hapa hapa, kisha akapaa usiku kwenda London kupitia El Adem, Libya. Alifika kesho yake alasiri, keshakuwa malkia. Kabla ya vita vya pili ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zinatua ziwani Port Bell, na mtu wa London alikuwa anahesabu siku. Nyinyi leo mnahesabu dakika.

Fundi Simu

Mzee, hii ya Comet ndiyo naisikia leo. Asante sana.

Nakato wa Diaspora

Tukiwa hapo hapo: mimi niko Uingereza, London–Entebbe ni karibu kilomita 6,500. Uganda Airlines walianza kuruka moja kwa moja hadi Gatwick, London, Mei 2025. Kwa hesabu ya 900 kwa saa ingekuwa saa saba na kidogo, lakini kwa kuzunguka huko inakaribia tisa. Swali langu ni jingine. Nikija nyumbani kutoka London sisikii chochote mwilini, siku ile ile niko harusini. Nilipokwenda China kwa kazi nilikuwa kama mgonjwa, saa tisa ya usiku macho makavu. Umbali haujapishana hata mara mbili. Kwa nini?

Mwana wa Kikuubo

Nyabo, swali zuri. Kinachouchosha mwili ni upande unaoelekea kuliko kilomita. London hadi Entebbe unashuka kusini, jua halikukimbii. Tofauti ni saa mbili majira yao ya joto, tatu ya baridi. Ukienda mashariki unakwenda kulipokea jua. Ukitoka Addis karibu na usiku wa manane, usiku unakuwa mfupi, hujamaliza hata usingizi wa kwanza mtu anakufungulia dirisha kumekucha. Kisha unatua mwili unasema ni asubuhi, Guangzhou wanasema ni mchana wa saa nane. Saa tatu za usiku wao, mwili unakwambia ni saa kumi jioni, utalala vipi? Hujirudisha pole pole, kama saa moja hivi kwa siku. Ndiyo maana nasema anayekwenda kwa siku nne sokoni asitegemee kichwa chake siku mbili za mwanzo. Bei nyingi mbaya nilizoziona watu wakikubali, walizikubali siku ya kwanza.

Mama Mitumba

Nimeelewa, Istanbul nimeiacha. Sasa nataka kujua kuhusu mizigo. Nikiunganisha ndege, begi linanifuata au nalichukua njiani?

Mwana wa Kikuubo

Inategemea tiketi. Ikiwa tiketi ni moja, hata kama ndege ni mbili, begi linakwenda mpaka mwisho. Pale kaunta ya Entebbe, kabla hujaondoka, soma ile karatasi wanayobandika kwenye begi. Iandikwe CAN kwa herufi kubwa, ndiyo alama ya kiwanja cha Guangzhou. Ikiandikwa ADD (Addis) au DXB (Dubai), simama hapo hapo uulize. (CAN si Canada. Niliwahi kumwona jamaa anagomba mpaka anatokwa jasho akidhani begi lake linapelekwa Toronto.) Na uweke begi tupu ndani ya begi jingine, wenye uzoefu wote ndivyo wanavyokwenda, kurudi utayahitaji yote mawili.

Kama tiketi ni mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hapo kuna hatari, na watu hawaambiwi. Dada mmoja jirani yangu dukani, wa nguo za watoto, wakala mmoja wa mjini alimuuzia Entebbe–Dubai kivyake na Dubai–Guangzhou kivyake, kampuni tofauti, akamwambia "ni connection tu". Dubai begi likatokea upande wa pili wa uhamiaji. Kulifuata lazima uingie nchi, kuingia unahitaji viza, viza hana. Ndege ya pili ikaondoka yuko kwenye benchi. Kampuni ya kwanza ikasema sisi tumekufikisha, ya pili ikasema wewe hukutokea. Wote wawili kwa karatasi zao wana haki. Kwenye skrini ya wakala ile safari ilikuwa fupi kuliko zote, saa 14 na dakika.

Ndege Mkaa Juu

Naongezea: usichukue kuunganisha kwa dakika 50 hata kama tiketi ni moja. Ndege ya Entebbe ikichelewa nusu saa kwa mvua, na mvua ya hapa ziwani mnaijua, wewe unaweza kukimbia ukaiwahi, begi halina miguu. Saa mbili mpaka nne za kusubiri ni salama. Na Addis bebeni sweta, mji uko mita 2,300 na zaidi juu ya bahari, usiku baridi yake si ya mchezo.

Mzee wa Busia

Addis pia kuna kituko kingine. Wahabeshi saa zao ni kama zetu, wanahesabu kuanzia alfajiri. Mfanyakazi akikwambia ndege yako ni saa tano na nusu usiku, anamaanisha saa tano na nusu yetu, yaani 23:30. Lakini ubao unaandika 23:30. Sisi tunaelewana nao bila tabu, Mzungu ndiye anayepotea.

Fundi Simu

Hapo kwenye saa watu wanaumia. Binamu yangu tiketi iliandikwa Jumatano 00:30. Yeye akaenda kiwanjani Jumatano usiku, kaoga, kavaa suti. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, siku nzima imepita.

Mwana wa Kikuubo

Hiyo ndiyo inayowanasa wengi kurudi kutoka Guangzhou, maana ndege nyingi za huko huondoka karibu na usiku wa manane. Dawa ni moja: ukiona tiketi inaanza na 00 au 01, uwe kiwanjani jioni ya tarehe iliyotangulia. Andika kwa kalamu kwenye karatasi, kwa Kiswahili: "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, niwe kiwanjani saa tatu." Usiiachie simu, simu nayo ikifika China hubadilisha saa yenyewe na kengele uliyotega unaweza usijue imelia kwa saa ya wapi.

Mama Mitumba

Nimekata. Tiketi moja, kupitia Addis, kusubiri saa nne na nusu, natua Jumanne 14:30. Kadi ya homa ya manjano ninayo, viza imetoka. Nilikuwa nimemwahidi mwenye kiwanda wa viatu kuonana Jumanne hiyo hiyo jioni.

Mwana wa Kikuubo

Jumanne jioni acha. Uhamiaji, begi, kisha treni ya chini ya ardhi, njia namba 3 inafika kiwanjani Baiyun kabisa, na ukienda mtaa wa Xiaobei utabadilisha kwenda namba 5. Ukifika hotelini jua linazama na mwili uko nusu njia. Kula, tembea kidogo, jilazimishe usilale kabla ya saa tatu usiku. Mwone Jumatano.

Mama Mitumba

Sawa kaka. Namwandikia sasa hivi WeChat: Jumatano saa nne asubuhi.

Mwana wa Kikuubo

Mwandikie 10:00. Ukimwandikia saa nne, programu yake ya kutafsiri itamwamsha alfajiri.